Shahidi Asiyemtazama

Sekela Mwakibete aliiweka pasipoti yake ya ng'ambo sandukuni saa mbili na dakika kumi asubuhi, katikati ya Daraja la Ilondo, na tangu dakika hiyo hakuwa wa popote.

Ndivyo walivyopita raia wote wa pande mbili waliotaka kuingia bila viza. Unaweka chini pasipoti ya kule, sanduku linaimeza, jina lako linazimwa ng'ambo ya mto. Kisha unatembea hatua mia na ishirini hadi kituoni, mkononi una Hati ya Pande Mbili, kadi nyeupe isiyo na herufi hata moja. Herufi hutokea ukishatambuliwa. Usipotambuliwa mpaka saa kumi jioni kadi hubaki nyeupe, na mwenye kadi nyeupe hana nchi ya kumpokea wala ya kumrudisha. Huyo anapelekwa Kati.

Atuganile Mwasandube, afisa wa zamu, alimwona akija. Miaka sita dirishani pale ilikuwa imemfundisha kuwasoma watu kwenye zile hatua mia na ishirini. Wenye ndugu wengi huja wakipunga mikono na kupiga kelele. Huyu alikuja taratibu, begi moja begani, kanga kiunoni juu ya suruali, macho chini kama mtu aliyeangusha sindano.

"Karibu, dada. Pole na safari. Shahidi wako nani?"

"Baba mkwe."

"Na mwingine?"

"Sina. Mume wangu alifariki, mama mkwe naye akamfuata. Ndugu zangu wa damu wako kule, na wa kule hawaruhusiwi kushuhudia. Nina mtoto tu huku, Bupe. Yuko kwa babu yake. Ana miaka tisa."

"Mtoto hahesabiki, dada."

"Najua. Ndiye ninayemfuata. Miaka mitatu nimemsikia kwenye simu tu."

Atuganile alikwisha kuandika "baba mkwe" ndipo mkono ukasita. Yeye mwenyewe alizaliwa kilomita tano kutoka pale, kwenye migomba na mikakao ya bonde lile lile, na alikuwa mke wa mtu. Alijua. Akainua macho, akakuta Sekela naye anamtazama, na wote wawili wakawa wanawaza jambo moja ambalo fomu haikuwa na nafasi yake.

Katika bonde lile mkwe wa kike na baba mkwe hawatazamani. Si siku ya harusi tu, ni maisha yote. Akipita yeye, wewe unageuka. Akikaa barazani, wewe unazunguka nyuma ya nyumba. Jina lake hulitaji. Watu wa mjini huita jambo hilo ushamba, lakini wanaolifuata huliita heshima, na Sekela alilifuata kwa miaka kumi na mmoja katika ua mmoja na mzee yule bila kuteleza hata mara moja.

"Hajawahi kukuona uso," Atuganile alisema.

"Hajawahi, dada."

*

Zamani nchi zilitambua watu kwa picha, kwa vidole na kwa mboni za macho. Kisha zikaja mashine za kuunda nyuso, vidole vikauzwa mitaani kama maandazi, na mtu mmoja akaweza kuvuka mpaka mara tano kwa siku akiwa watu watano. Kikabaki kitu kimoja ambacho hakuna fundi aliyeweza kukighushi: ule mshtuko mdogo unaopita kwenye ubongo wa mtu anapomwona amjuaye. Unapita kabla hajafikiri, kabla hajaamua aseme kweli au aseme uongo. Shahidi huvalishwa kofia ya waya, msafiri huketi mbele yake, na mtambo husoma.

Kwenye karatasi za serikali jina lake lilikuwa Mtambo wa Utambuzi. Watu wa bondeni waliuita Shangazi, kwa sababu katika kila ukoo shangazi ndiye anayejua nani ni wa nani, na ndiye huyo huyo anayeweza kuvunja harusi kwa neno moja.

Shangazi alikuwa na tabia mbili ambazo kila afisa alizijua kama aya ya sala. Ya kwanza, hati yake huchukua nusu saa kuiva. Taa ya kijani ikiwaka, shahidi hukaa na kofia kichwani hadi herufi zitokee. Ikivuliwa mapema, msomo unafutika na msafiri amehesabika ameshindwa. Ya pili, Shangazi hujifunza. Alichojifunza Ilondo asubuhi, vituo vyote kumi na saba vya mpaka vinakijua kabla chai haijapoa, na hakuna namna ya kumsahaulisha.

Kati ilikuwa upande wa kushoto wa daraja, na kutoka dirishani Atuganile aliiona kila siku. Mwaka wa mafuriko makubwa mto ulihama, ukaacha ulimi wa ardhi wenye matete na matope ambao nchi zote mbili ziliukataa, kwa kuwa kuukubali kungekuwa kuwakubali na watu waliotupwa humo. Vijijini kwao walihesabiwa wamekufa. Waliishi kwa kuvuka. Alfajiri, ukungu ukiwa bado mzito, walivuka kwenye maji ya magotini wakiwa wamejipaka matope usoni, wakaenda kulima vibarua vya mpunga, wakawachungulia watoto wao, wakarudi kabla jua halijakausha matope. Minara ya mpaka ilikuwa na macho, na macho yale yalitafuta nyuso tu. Minara ilikuwa na masikio pia, yaliyowekwa kunasa milio ya bunduki na injini. Vishindo vya miguu ya watu Shangazi alivihifadhi siku tisini, kisha akavitupa kama takataka.

Atuganile alikuwa ameshapeleka Kati watu arobaini na mmoja kwa mkono wake. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba anaijua idadi hiyo.

*

Mzee Andongolile alifika saa nne kwa bodaboda ya betri, koti jeusi, kofia ya pama, unga wa pumba bado kwenye nyusi. Kwa miaka arobaini alikuwa ameendesha mashine ya kukoboa mpunga pale kijijini, na hakuna nyumba ambayo haikupeleka gunia kwake. Alikuwa mtu wa maneno mengi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hii feni yenu beringi imekwisha, hamsikii? Wiki mbili itawaangukia." Akaketi, akashika magoti. "Haya. Nimeambiwa mke wa mwanangu amefika. Niweke sahihi wapi?"

Atuganile alimweleza. Alieleza polepole, kwa lugha ya nyumbani, na kadiri alivyoeleza ndivyo maneno ya mzee yalivyopungua.

"Nimtazame," alisema mwishowe. "Usoni. Mbele ya watu."

"Sekunde nne tu, mzee wangu," alisema Bwana Chambi kutoka mlangoni. Huyu alikuwa mkuu wa kituo, mgeni wa bonde lile, mtu mpole mwenye leso nyeupe, na upole wake ndio uliowatisha vijana wa kituo. "Mkwe gani asiyemjua mkwewe? Mtazame, yaishe, mwende nyumbani mkale."

"Kijana, wewe kwenu wapi?"

"Mbali, mzee."

"Inaonekana," alisema mzee, na akafumba macho kwa nguvu.

Sekela aliingizwa chumbani akiwa amejifunika kanga kichwani, akachutama, akauelekeza uso ukutani. Hakuzungumza na mzee. Alizungumza na Atuganile, kwa sauti ya kusikika na wote.

"Dada, naomba umwambie baba kwamba nimejaribu njia nyingine zote. Mwambie Bupe ana mtihani wa darasa la nne mwezi wa kumi na moja. Mwambie anisamehe kwa aibu hii, si mimi niliyeitunga."

Feni ililalamika juu ya vichwa vyao. Mzee alivua pama, akainamisha kichwa apokee kofia ya waya, na machozi yalikuwa yameshaanza kabla hajafumbua macho. Sekela aliteremsha kanga mabegani, akageuka. Wakatazamana, sekunde nne, watu wawili waliokuwa wamelindana miaka yote ile wasifike hapo.

Kwenye kioo cha Shangazi likatokea neno moja jekundu: MGENI.

Mshtuko ulikuwepo, Atuganile aliuona kwenye mistari, mrefu kuliko wowote aliowahi kuuona. Lakini haukuwa wa kumjua mtu. Ulikuwa wa aibu, na aibu haina nafasi yake kwenye fomu.

"Msafiri hupewa misomo miwili. Umebaki mmoja," Bwana Chambi alisema kwa upole. "Hadi saa kumi."

*

Saa sita Atuganile alimpelekea mzee chai kwenye benchi la korido. Hakuinywa. Alikuwa ameegemea ukuta, macho amefumba, kama anayeogopa kwamba akiyafumbua yatakosea tena.

"Nimemwaibisha bure," alisema. "Kazi ya macho yangu nimeijua leo. Ni kufedhehesha."

"Baba, hukumfedhehesha. Sheria ndiyo—"

"Anakwenda msalani," mzee alimkatiza.

Atuganile aligeuka. Korido ilikuwa tupu. Kisha, mbali, nyuma ya kona, askari wa kike akatokea akimsindikiza Sekela. Na mzee alikuwa bado amefumba macho, tena amegeuza uso ukutani kumpisha.

"Umejuaje?"

"Nimejuaje nini? Viatu ni vipya, vinambana kidole gumba cha kulia, lakini mwendo ni wake. Anakanyaga kisigino kwanza, halafu kama anaomba radhi." Mzee alishangaa kuulizwa. "Mwanangu, ili umkwepe mtu kila siku ndani ya ua mmoja, inabidi umjue kuliko wanaomtafuta. Akitoka jikoni namsikia, naingia ndani. Akienda kisimani namsikia, ndipo natoka. Mwaka aliofiwa na mume wake nilisikia hatua zinapungua uzito, nikamwambia marehemu mke wangu, huyu binti hali chakula, mpelekee uji. Kumjua, namjua. Mashine yenu imeniuliza swali la macho."

Atuganile alisimama ghafla, chai ikamwagikia viatu vyake.

Alimkuta Bwana Chambi akila ndizi ofisini, na alimweleza huku akihema. Bwana Chambi alimsikiliza mpaka mwisho. Akakunja leso mara mbili.

"Mtambo una mlango wa sauti," alisema. "Ulijengwa nao. Haujawahi kufunguliwa, unajua kwa nini?"

"Sijui, afande."

"Haufunguki kwa amri ya makao makuu. Unataka afisa wa zamu aweke sahihi, kwa kesi ya kweli, na shahidi anayemjua mtu kwa sikio bila jicho kuingilia. Wameshajaribu na vipofu, ikashindikana. Jamaa zao walikuwa wakiwashika mikono na kuwanong'oneza. Mtu mwenye macho mazima ambaye kwa maisha yake yote amekataa kumtazama jamaa yake... huyo tulidhani hayupo duniani." Akatabasamu kidogo. "Ukiufungua haufungwi. Hilo unalijua."

"Najua."

"Na minara ina masikio. Hilo nalo unalijua."

Bwana Chambi hakumficha kitu. Baadaye Atuganile angetamani angemficha, apate wa kumlaumu. Alisimama mbele ya meza ile, na kupitia dirisha nyuma ya kichwa cha mkuu wake aliyaona matete ya Kati yakiyumba, mamia ya watu ambao salama yao yote ilikuwa ni matope usoni. Upande wa pili wa ukuta alikuwepo mwanamke mmoja anayebanwa na viatu vipya. Wale wengi hawakuwa na sauti mle ndani. Huyu alikuwa amemwita dada.

Akajipigia hesabu za kujifariji, maana moyo wa mtu ni wakili hodari. Shangazi akijifunza hatua za Sekela, amejifunza za Sekela tu. Ili awajue wengine atahitaji shahidi kwa kila mmoja, na nani atakubali kukaa kwenye kiti kile awauze majirani zake? Hakuna. Watu wa bondeni ni wagumu. Basi.

"Sitakusukuma wala sitakuzuia," alisema Bwana Chambi. "Sahihi ni yako."

Aliweka sahihi saa nane na robo.

*

Safari hii mzee alifungwa kitambaa cheusi machoni, mwenyewe akakishukuru. Pazia zito lilitundikwa katikati ya chumba, Sekela akawa upande mmoja na kiti cha shahidi upande wa pili, na Atuganile mezani kwake, akiwaona wote.

"Tembea, dada. Kawaida tu, kama uko nyumbani."

Sekela alivua viatu. Akatembea peku kwenye sakafu ya saruji, hatua sita kwenda, sita kurudi, na huko mwisho akashindwa kujizuia, akapita kwa kunyata kama mtu anayepita nyuma ya nyumba na ndoo kichwani.

"Huyo," alisema mzee. "Huyo ndiye mama Bupe."

Mistari ilipanda yote kwa pamoja. Taa ya kijani ikawaka, na Atuganile akajikuta amejishika kifua kwa furaha. Nyuma ya pazia Sekela aliketi chini, akalia kwa sauti ndogo akiwa ameuma kanga. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro kumi. Nusu saa, kisha nyumbani.

"Baba, tulia hivyo hivyo, hati inaiva."

"Nitatulia hata mpaka kesho."

Ikapita dakika moja, mbili. Kisha mzee akainua kichwa.

"Nani mwingine ameingia?"

"Hakuna mtu, baba."

"Kuna mtu anatembea majini." Akatega sikio. Uso wake wote ukafunguka. "Lo! Huyu si Ambakisye? Mguu mmoja mfupi! Ambakisye Mwalwisi, aliyeniletea mpunga mbichi kila mwaka akaapa ni mkavu! Mwanangu, Ambakisye tulimlilia. Tulimchinjia ng'ombe. Kumbe yu hai?"

Atuganile alitazama kioo. Chini ya jina la Sekela, lililokuwa bado hafifu, mstari mpya ulikuwa umejiandika wenyewe: Ambakisye Mwalwisi. Kivuko cha tatu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Na juu, kwa maandishi madogo, amri kutoka makao makuu, yenye saa ya leo: Shahidi aendelee kusikilizishwa hifadhi ya minara.

Siku tisini za vishindo. Shangazi hakuhitaji shahidi kwa kila mtu. Alimhitaji mtu mmoja aliyekaa miaka arobaini ameinamia mashine ya mpunga, akiwajua wateja kabla hawajatoa salamu.

"Na huyu mama Tumpe, anaburuza kandambili! Na hawa wawili, ngoja, ngoja, wanatembea sawa, ni wale pacha wa Lugombo!" Mzee alikuwa akicheka, machozi yakipenya chini ya kitambaa. "Mwanangu, mmewaficha wapi watu hawa? Kijiji kizima tumevaa kaniki bure!"

Jina. Jina. Majina mawili. Nje, magari mawili yakawashwa.

Atuganile alifungua mdomo amwambie anyamaze, akakumbuka kwamba kunyamaza si kitu; kofia haikusoma mdomo. Angeweza kumziba masikio, lakini sauti haikupitia masikioni, ilipitia waya. Kilichobaki kilikuwa kuivua kofia, na kofia ilikuwa umbali wa mkono wake. Alitazama saa. Zilibaki dakika kumi na tisa. Alitazama kadi ya Sekela mezani, ambapo herufi ya kwanza ilikuwa imeanza kutokea kama jasho. Akamfikiria Bupe na mtihani wake wa darasa la nne. Akajiambia, ngoja kidogo. Mkono wake haukutoka mezani, na hilo ndilo jambo ambalo hadi leo hajapata pa kuliweka.

"Dada." Sauti ya Sekela ilitoka nyuma ya pazia, na haikuwa na kilio tena. "Majina hayo anayoyataja baba. Yanaandikwa?"

"Yanaandikwa, dada."

"Ni watu wa Kati?"

"Ndio."

"Na yale magari?"

"Yanakwenda vivukoni."

"Ukimvua kofia itakuwaje?"

"Kadi yako itabaki nyeupe. Huu ulikuwa msomo wa mwisho."

Feni ililia mizunguko mitatu. Upande wa pili mzee alisema kwa shangwe, "Na huyu sasa, huyu namjua, ni mchungaji wetu kabisa!" na jina la kumi na moja likajiandika.

Pazia likasogea. Sekela alipita peku, kichwa wazi, akasimama mbele ya mzee ambaye kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kumkaribia hata kwa urefu wa kivuli. Kisha akanyoosha mikono yote miwili, akamshika baba mkwe kichwani, mahali ambapo mke wa mtoto hagusi hata akifa mtu, na akaing'oa kofia.

MSOMO UMEKATIKA, kioo kiliandika. MSAFIRI: MGENI. Herufi ya kwanza kwenye kadi ikafifia, ikaisha.

*

Bwana Chambi aliingia na askari wawili, hakukasirika.

"Kumi na moja," alisema akitazama kioo. "Si haba kwa siku ya kwanza. Mlango umeshafunguka, wazee wenye masikio hawajaisha bondeni." Akamgeukia Sekela. "Pole, mama. Kusema kweli, pole."

Sekela alikuwa akivaa viatu. Alifunga kamba kwa utulivu, akachukua begi, na alipofika mezani akamwinamia Atuganile.

"Bupe anaogopa radi, dada. Mvua ya usiku isimkute amelala peke yake. Ukipata nafasi mwambie mtu."

"Nitamwambia mwenyewe."

"Usimwambie nilifika."

Wakamtoa. Mzee alikuwa bado amefungwa kitambaa, mikono imeshika viegemeo vya kiti, kichwa wazi. Hakukigusa.

"Mwanangu."

"Naam, baba."

"Nani amenivua ile kofia?"

"Mimi, baba."

Korido ilikuwa ndefu, ya saruji, na hatua za Sekela zilisikika zote, kisigino kwanza, mpaka mlango wa chuma wa upande wa Kati ukafunguliwa na ukafungwa.

"Ndio," alisema mzee taratibu. "Ni wewe. Ahsante, mwanangu."

Alijifungua kitambaa mwenyewe. Akakikunja juu ya magoti, na nje magari yalikuwa yameshafika vivukoni, yamezima injini.

"Wakija kuniita kesho nitakataa," alisema. "Lakini kichwa hakikatai, sivyo?"

"Hakikatai, baba."

"Hospitali ya hapa wana dawa? Ya kumziba mtu masikio asisikie tena kabisa?"

Atuganile alikuwa ameketi mbele ya kioo kilichobaki wazi, kikisubiri shahidi mwingine, na mawazo yalikuwa yameanza kwenda yenyewe bila ruhusa yake: mama yake na lile goti, mume wake anavyopanda ngazi, mwalimu wake wa darasa la tano, jirani wa mkono wa kushoto, jirani wa mkono wa kulia. Alikuwa akiwahesabu watu anaowajua kwa mwendo, na hakufika mwisho.